Mishahara na ajira katika asasi za uhifadhi: Zilinganishwe vipi?

WILAYA ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kwa miaka mingi imekuwa makao ya ofisi za asasi zisizo za kiserikali zinazoshughulikia uhifadhi wa misitu, wanyamapori na bahari.

Miongoni mwazo ni Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), lililoanzishwa mwaka 1985, pamoja na ofisi ya Tanzania ya mfuko wa kimataifa wa uhifadhi, WWF.

Kazi zenyewe, hata hivyo, hufanyika mbali na ofisi hizo: katika misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, katika bahari ya Mafia na Kilwa, na katika fukwe za Kigamboni, zilizokuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke, ambako kasa hupanda nchi kavu kutaga mayai.

Kutokana na umbali huo, kijana anayetafuta ajira, mfadhili na mwanakijiji wote wana haki ya kuuliza: asasi ipi ni kubwa, ipi hulipa vizuri, na nani hupewa nafasi zipi?

Ukubwa

Ukubwa wa asasi hupimwa kwa mapato ya mwaka, kwa idadi ya watumishi, au kwa eneo na watu wanaofikiwa. Vipimo hivyo havikubaliani sikuzote.

WWF, iliyoanzishwa mwaka 1961 na yenye makao makuu Gland, nchini Uswisi, ni mtandao wa kimataifa, na ofisi yake ya Tanzania ni sehemu tu ya mtandao huo. Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA), ulioanza mwaka 2000, umeundwa na vikundi vya wananchi wanaosimamia misitu ya vijiji vyao.

Wanachama hao si waajiriwa. Hivyo anayehesabu watumishi wa ofisini peke yao ataiona MJUMITA kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Bajeti nayo yaweza kupotosha iwapo inategemea mfadhili mmoja. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kutekeleza programu zake. Asasi iliyokuwa ikitegemea chanzo hicho peke yake haikuwa na kinga, hata kama jana yake ilihesabiwa kuwa kubwa.

Malipo

Wastani wa mshahara hauelezi mengi. Tuchukue mfano wa asasi yenye watumishi 10: mkurugenzi analipwa Sh10 milioni kwa mwezi, na tisa waliobaki Sh800,000 kila mmoja. Wastani wake ni Sh1.72 milioni, kiasi kinachozidi mara mbili ya wanacholipwa watu tisa kati ya kumi.

Kwa sababu hiyo, kipimo bora ni uwiano kati ya mshahara wa juu kabisa na wa chini kabisa, na kama waliopo vijijini wanahesabiwa katika orodha hiyo au la.

Wengi wa walinzi wa misitu na fukwe hupewa posho, si mshahara. Asasi ya Sea Sense, iliyoanza mwaka 2001, ilitumia kisiwani Mafia utaratibu wa kumlipa anayetoa taarifa ya kiota cha kasa, na kumwongezea kulingana na mayai yanayoanguliwa. Malipo ya namna hiyo huokoa kasa kwa gharama nafuu, lakini si ajira yenye likizo na mafao ya uzeeni.

Kwa waajiriwa, Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Viwango halisi hutofautiana kwa sekta.

Nani ameajiriwa

Nchini Marekani, utafiti wa Profesa Dorceta Taylor uliotolewa mwaka 2014 ulizichunguza asasi 191 za mazingira na kuonyesha kuwa watu wa jamii zisizo za Wazungu hawakuzidi asilimia 16 ya watumishi, ingawa sehemu yao katika taifa ilikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Kipimo hicho hakiwezi kuhamishiwa Tanzania kama kilivyo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo.

Maswali yanayofaa hapa ni mengine. La kwanza ni idadi ya wanawake katika uongozi na katika kazi za porini. La pili ni watu wenye ulemavu: Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awaajiri kwa kiwango kisichopungua asilimia tatu.

La tatu ni raia na wageni. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania nafasi hiyo. La nne, ambalo halimo katika sheria hizo, ni wangapi wanatoka katika vijiji vinavyohifadhiwa.

Taarifa zipatikane wapi

Marekani huzitaka asasi zitaje hadharani malipo ya viongozi wao katika fomu ya kodi ya kila mwaka. Uingereza huzitaka asasi kubwa zionyeshe idadi ya watumishi wanaolipwa zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka.

Hapa nchini, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka taarifa ya shughuli na ya hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza wajibu wa kutangaza fedha zinazozidi Sh20 milioni.

Hata hivyo, hesabu hizo huweza kuonyesha mishahara kwa jumla tu, bila kueleza nani alipata nini. Jedwali la ukurasa mmoja lenye ngazi za mishahara, idadi ya wanawake na wanaume katika kila ngazi, na malipo ya walinzi wa vijijini lingetosha kumwezesha msomaji kulinganisha.

Hadi litakapokuwapo, mwombaji kazi na aulize mambo hayo kabla ya kutia saini mkataba, na mfadhili kabla ya kutoa fedha.