Jina Moja, Vitu Vingi: Historia ya Ufasiri wa Majina katika Zana za Kutafuta na Kubadilisha Msimbo, kwa Mfano wa Mkoa wa Songwe

Katika sensa ya mwaka 2012 kata ya Mbangala iliorodheshwa chini ya Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Katika sensa ya mwaka 2022 kata hiyo hiyo imo katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe. Ardhi haikusogea. Kilichobadilika ni majina yaliyo juu yake, baada ya Mkoa wa Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtafiti anayelinganisha sensa hizo mbili, sawa na mtunzaji wa programu yoyote ambayo majina hayo yameandikwa ndani yake, anakabiliwa na swali moja: ni “Mbeya” ipi igeuzwe kuwa “Songwe”, na ni ipi iachwe kama ilivyo?

Insha hii inalitumia swali hilo kuchunguza historia ya zana za kompyuta zinazotafuta na kubadilisha msimbo wa programu. Kwa kawaida historia hiyo husimuliwa kama safari ya kutoka mstari wa maandishi hadi mti wa sintaksia, yaani kutoka zana zinazosoma herufi hadi zana zinazosoma muundo wa sentensi za programu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mpaka ulio muhimu zaidi uko kwingine: baina ya zana inayojua jina linarejelea kitu gani na zana inayoona umbo la jina tu. Kazi ya kuliunganisha jina na tamko lake ndiyo inayoitwa hapa ufasiri wa majina.

Mfano wa Songwe unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu unaonyesha karibu kila ugumu wa kazi hiyo. Upo mto Songwe unaoingia Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wa Tanzania na Malawi. Upo mto mwingine wa jina hilo hilo unaoelekea Ziwa Rukwa. Ipo wilaya ya Songwe ndani ya mkoa wa Songwe. Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012, uko katika Mkoa wa Mbeya, na anayedhani jina lake linatosha kumwonyesha mkoa atakuwa amepotea. Wilaya za Ileje, Mbozi na Momba, pamoja na mji wa Tunduma ulio mpakani mwa Zambia, zilihamia mkoa mpya. Chunya haikuhama yote: sehemu yake iliyojumuisha Mbangala na Mkwajuni ikawa Wilaya ya Songwe, na sehemu iliyobaki ikaendelea kuitwa Chunya, chini ya Mbeya. Kwa hiyo “Chunya” ya mwaka 2012 na “Chunya” ya mwaka 2022 ni herufi zile zile zenye marejeo mawili tofauti. Amri ya kubadilisha kila “Chunya” kuwa “Songwe” ingekuwa kosa, na amri ya kutobadilisha hata moja ingekuwa kosa vilevile. (Mbangala yenyewe ina bahati mbaya ya kutofautiana kwa herufi moja tu na Mbagala ya Dar es Salaam, lakini hilo ni tatizo la tahajia, si la ufasiri.)

Katika lugha za programu tatizo hili lilitambuliwa mapema mno. Ripoti ya lugha ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Peter Naur na kutolewa mwaka 1960, iliweka kanuni kwamba jina lililotamkwa ndani ya fungu la msimbo ni mali ya fungu hilo, na kwamba jina lile lile nje ya fungu linaweza kuwa kitu kingine. Ripoti hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ilipoeleza jinsi matini ya hoja inavyoingizwa mahali pa jina la kigezo ndani ya taratibu, iliagiza kwamba majina ya ndani yabadilishwe kwa utaratibu pale ambapo yangegongana na majina yanayoingia. Maana yake ni kwamba mwaka 1960 wataalamu walikwisha kuona kuwa kubadilisha matini pasipo kufasiri majina ni hatari: jina linaloingia linaweza kutekwa na tamko lisilolihusu. Wanamantiki walilijua jambo hilo tangu kalkulasi ya lambda ya Alonzo Church katika miaka ya 1930.

Zana za kutafuta hazikurithi maarifa hayo. Programu ya grep ya Ken Thompson ilitokea katika mfumo wa Unix mwaka 1973, na sed ya Lee McMahon iliifuata mara moja. Zote mbili husoma mstari baada ya mstari na hazijui lugha yoyote. Si haki kulichukulia hilo kuwa udhaifu tu. Kutojua lugha ndiko kulikozifanya zitumike kwa lugha zote, na bado zinatumika. Lakini ndizo zilizojenga mazoea ya kuuona msimbo kama maandishi matupu, huku kompaila kando yake zikiyafasiri majina yale yale kila siku na kuyatupa matokeo kazi ilipokwisha.

Muungano wa mikondo hii miwili ulianzia Chuo Kikuu cha Illinois. Katika tasnifu yake ya mwaka 1992, William Opdyke alieleza masharti ya kutimizwa kabla ya kubadilisha muundo wa programu bila kubadilisha tabia yake. Mwaka 1997 Don Roberts, John Brant na Ralph Johnson walichapisha maelezo ya zana yao ya lugha ya Smalltalk. Hapo kikwazo kilijitokeza wazi: katika Smalltalk aina ya kitu haijulikani mpaka programu inapotekelezwa, hivyo wito wa mbinu hauwezi kuunganishwa kwa hakika na mbinu moja kwa kusoma msimbo peke yake. Suluhisho lao mojawapo lilikuwa kuiendesha programu na kutazama ni nani anayeita nini. Hilo ni ungamo la kitaalamu lenye uzito kuliko linavyopewa: ufasiri kamili wa majina mara nyingine haupatikani katika matini.

Coccinelle, iliyowasilishwa mwaka 2008 na Yoann Padioleau, Julia Lawall na wenzao, ilitengenezwa kwa ajili ya kiini cha Linux. Huusoma msimbo wa C kama ulivyoandikwa, kabla makro hazijapanuliwa, ili matokeo yafanane na kile mtunzi alichokiandika. Gharama yake ni kwamba aina na asili ya baadhi ya majina hubaki hazijulikani. Refaster ya Google, mwaka 2013, ilichagua kinyume: hutumia kompaila ya Java yenyewe, ikapata uhakika na kufungwa kwenye lugha moja. Comby, mwaka 2019, huelewa mabano, maoni na matini zilizonukuliwa katika lugha nyingi, lakini haifasiri majina. Semgrep imeshika njia ya kati. Ikiwa moduli imeletwa kwa jina la mkato, zana hiyo hulitambua jina kamili lililo nyuma ya mkato huo. Kwa maoni ya mwandishi, hatua hiyo ndogo ina thamani kubwa kuliko uzuri wote wa miti ya sintaksia iliyoitangulia, kwa kuwa ndipo utafutaji wa kimuundo ulipoanza kuuliza “ni nani” baada ya kuridhika kwa muda mrefu na “anafananaje”.

Nadharia nayo ilichelewa. Mwaka 2015 Pierre Néron, Andrew Tolmach, Eelco Visser na Guido Wachsmuth walipendekeza grafu za upeo, zinazoeleza ufasiri wa majina bila kujifunga na lugha mahususi: kulifasiri jina ni kutafuta njia ndani ya grafu kutoka marejeo hadi tamko. Mwaka 2021 GitHub ilitangaza mfumo wa kuongoza wasomaji wa msimbo uliojengwa juu ya wazo hilo.

Hata hivyo, mti na grafu za namna hii huishia kwenye alama za kunukuu. Jina la kigeu “mkoa” ndani ya programu linaweza kufasiriwa. Neno “Chunya” lililohifadhiwa kama matini ndani ya kigeu hicho haliwezi, kwa kuwa tamko lake halimo katika programu. Limo katika orodha rasmi ya maeneo ya utawala, na orodha hiyo ina tarehe. Programu inayohifadhi jina la wilaya pasipo kuhifadhi mwaka wake imelitupa fungu ambamo jina hilo lilitamkwa, na hakuna zana ya kutafuta inayoweza kulirejesha. Rekodi ya mtoto aliyezaliwa Mbangala mwaka 2010 itasomeka “Chunya” kwa usahihi. Ikiunganishwa na jedwali la mwaka 2022 bila tahadhari, itamhesabu katika wilaya iliyoendelea kulibeba jina hilo, katika mkoa mwingine.