Marupurupu ya Nyumba Hayakushuka na Mvua

Ukisikia Mdororo Mkuu wa Uchumi, picha zinazokuja kichwani ni za Marekani: wanaume wa kofia kwenye foleni ya supu, benki zimefungwa. Sawa. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne kule hakuwa na kazi. Sinema zake tumeziona sana. Lakini wewe wa Buxton, wa Majengo, wa Mji wa Kale, hebu nikuulize: sisi wakati huo tulikuwa wapi?

Tulikuwa Kilindini, tukibeba magunia.

Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo hapa sikupi lekcha. Nataka tu tuushike mwaka mmoja, 1939, kwa sababu watu wengi mjini humu wanakula matunda yake bila kujua mti ulipandwa na nani.

Bei za mkonge, kahawa na mahindi zilipoanguka duniani, pigo lilifika Kenya haraka. Walowezi wa kizungu walipata pa kuegemea: 1931 serikali iliwafungulia benki ya kuwakopesha. Mfanyakazi Mwafrika yeye akapunguziwa mshahara. 1934 makuli wa bandari ya Mombasa walipoletewa habari za kupunguziwa, waligoma. Mwaka huohuo, makuli wa San Francisco nao waligoma. Bahari mbili tofauti, njaa moja.

Basi ikafika 1939. Mji umejaa watu kutoka bara waliofuata kazi, vyumba vichache, kodi haishikiki. Mmijikenda angeweza kukimbilia shambani kwao mambo yakiwa magumu, lakini aliyetoka Ukambani au Nyanza angekwenda wapi? Analala chumba kimoja na wenzake kibao, na kodi inamngoja mwisho wa mwezi.

Julai, wafanyakazi wa idara ya serikali ya ujenzi waliweka zana chini. Walichodai ni pesa ya nyumba. Yani walisema: unataka nguvu zangu asubuhi, basi nisaidie pa kulala usiku. Moto ukashika manispaa, kampuni ya umeme, kampuni ya mafuta, na mwanzoni mwa Agosti ukafika bandarini. Maelfu ya watu, na hakuna chama kilichowaongoza. Habari zilipita mdomo kwa mdomo, chumba kwa chumba. Fikiria, bila simu, bila grupu la WhatsApp!

Ikawaje? Waajiri kadhaa walikubali kutoa pesa ya nyumba. Serikali ikaunda tume chini ya Willan kuchunguza hali ya wafanyakazi wa Mombasa, na tume yenyewe ikaona kwamba makazi yalikuwa mabovu. Septemba vita vikaanza Ulaya, na mambo mengi yakawekwa kando. Ndiyo maana Januari 1947 mji mzima uligoma tena.

Sasa uje leo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe nyumba inayofaa au akuongezee pesa ya kutosha kodi, labda mkataba useme tayari imo ndani ya mshahara. Sisemi sheria hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye mgomo wa 1939. Nasema dai ni lilelile, na mji huu ulilitoa mapema, kwa sauti, wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari.

Hapa Buxton nyumba za zamani za manispaa zilibomolewa 2021, maghorofa yakapanda. Watu wanabishana nani ataweza kuyalipia. Mabishano mazuri, tuendelee nayo. Lakini wengi wa rika letu ni vibarua. Neno lenyewe lina historia: kibarua kilikuwa kile kikaratasi cha kuhesabia siku ulizofanya kazi. Siku hizi kikaratasi kimekuwa programu kwenye simu, na pesa ya nyumba wengi wetu hatuioni.

Kwa hivyo ukiandikwa kazi, usikimbilie kuangalia jumla peke yake. Soma mkataba, tafuta neno nyumba. Lisipokuwepo, uliza. Wazee wa 1939 waliuliza wakiwa na mengi ya kupoteza kuliko wewe.