Kinjikitile na Waliomchunguza

Yapata saa tatu asubuhi, siku moja ya mwaka 1904, wake na watoto wa Kinjikitile Ngwale walikuwa wakiota jua nje ya nyumba yao huko Ngarambe. Ghafla wakamwona anakwenda kwa tumbo, mikono ameitanguliza mbele, akielekea kwenye kidimbwi kirefu cha maji. Wakamkamata miguu wamvute, wasimweze. Naye akapiga kelele kwamba hataki kuvutwa, kwamba wanamuumiza. Akazama. Waliojua kuogelea wakapiga mbizi wasione kitu. Jamaa zake wakalala kando ya maji usiku kucha. Walisema kama amekufa mwili wake utaonekana, na kama amechukuliwa na mnyama au pepo wa majini, basi atarudishwa, akiwa hai au maiti. Kesho yake, saa ileile, akatoka mzima, nguo zake kavu, zimekazwa kama alivyozikaza jana. Tangu hapo akaanza kusema mambo ya unabii.

Ndivyo wazee wa Umatumbi walivyomsimulia Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka sitini na kitu baadaye. Kwetu sisi wa ukanda huu si habari ya mbali. Miteja, kijiji cha Kilwa, iko kwenye barabara kuu iendayo Lindi. Ukienda kusini unafika Nangurukuru na Kilwa Kivinje. Ukirudi kaskazini unafika Somanga, ile Samanga ya wakati wa Wajerumani, ambako wapiganaji wa Kimatumbi walishuka kutoka vilimani mwishoni mwa Julai 1905 wakaishambulia. Siku chache kabla ya hapo, huko Nandete, watu walikuwa wamekwisha kung'oa pamba ya serikali. Yote hayo yana mzizi wake katika asubuhi ile ya kidimbwini.

Vita hivyo, vya Majimaji, vimeandikiwa vitabu vingi. Mimi nataka kuzungumzia kilichotangulia vita, yaani mang'amuzi ya mtu mmoja aliyechukuliwa na Hongo, pepo wa maji, na jinsi elimu mbalimbali zilivyojaribu kuyaeleza kwa muda wa karne nzima. Kila elimu ilichukua kipande chake. Naamini jambo kubwa kuliko yote liliachwa palepale ukingoni mwa maji, pamoja na wale jamaa waliokesha.

Miaka miwili kabla ya Kinjikitile kuzama, yaani 1902, Mmarekani William James alichapisha mihadhara aliyoitoa Edinburgh juu ya namna mbalimbali za mang'amuzi ya dini. Ndicho kitabu kilichoweka msingi wa utafiti wa jambo hili vyuoni. James alitaja alama nne: hali hiyo haielezeki kwa maneno, humpa mtu ujuzi anaouona kuwa wa kweli, haidumu, na mwenyewe hujiona ametawaliwa na nguvu isiyo yake. Mpime Kinjikitile kwa alama hizo. Alitawaliwa, kwani hata waliomshika miguu hawakumweza. Ilikuwa ya muda, tangu saa tatu hadi saa tatu. Alirudi na ujuzi: kwamba wafu watarudi, kwamba wako kwa Bokero, mzimu wa maji huko Rufiji, kwamba simba na chui hawatakula watu, na kwamba sote ni ukoo mmoja wa Sultani Seyyid Said. Ila alama ya kwanza inakataa. Mtu huyu hakukosa maneno. Alitoka majini akisema, na maelfu wakaenda Ngarambe kumsikiliza.

Tena James aliifafanua dini kuwa ni hisia na matendo ya mtu mmoja mmoja akiwa katika upweke wake. Hapa ndipo anapoachana na pwani yetu. Kinjikitile hakuwa peke yake hata kidogo. Wake zake waliona, watoto waliona, wapiga mbizi walikagua, na waliokesha waliweka masharti ya kuitambua kweli kabla hawajaijua: tukiona maiti, ni hivi, akirudi hai, ni vile. Kisha wakatazama nguo. Hao ndio wachunguzi wa kwanza wa jambo hili, na naona uchunguzi wao ulikuwa makini kuliko mwingi uliofuata.

Waliofuata walikuwa Wajerumani. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kwa hiyo mtu ambaye angeweza kuulizwa alikuwa marehemu kabla vita havijafika mbali. Gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen, alitoa kitabu juu ya uasi huo mwaka 1909, na ndani yake waganga ni wachochezi na maji yao ya dawa ni hila ya kuwapumbaza wajinga. Maandishi ya kwanza juu ya Kinjikitile yametoka kwa serikali iliyomtia kitanzi. Kivinje, mahali palipoitwa Mwembe Kinyonga panakumbukwa mpaka leo kwa sababu hapo pia Wajerumani walinyonga watu.

Serikali hiyo iliendelea kuogopa njozi. Mwaka 1908 ilienea Lindi barua iliyosemekana kutoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, aliyemwona Mtume katika ndoto akiwaonya Waislamu watubu kwa kuwa Kiyama ki karibu. Wakuu wa boma wakadhani Majimaji ya pili yamekuja, wakaanza kuzitazama kwa jicho la shaka halaka za zikri. Lakini mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, alikuwa amekwisha kuandika juu ya barua ya namna hiyo mwaka 1884, kutokana na ilivyozunguka Indonesia. Ndoto ileile ilikuwa imevuka bahari, na kila ilipotua ilisomwa kwa hofu za watawala wa mahali hapo. Mwaka 1911 Carl Heinrich Becker, aliyekuwa akifundisha Hamburg, alichapisha utafiti wake juu ya Uislamu wa koloni hili, na zikri ya pwani yetu ikaingia katika maandishi ya vyuoni.

Uhuru ulipokuja, usomaji uligeuka. Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya kina Terence Ranger na Isaria Kimambo, iliamua kuwasikiliza wazee. John Iliffe alitoa makala yake juu ya mpangilio wa Majimaji mwaka 1967, na mwaka uliofuata wanafunzi wakatumwa vijijini kukusanya ushuhuda. Mwaka 1972 Gwassa akaandika juu ya Kinjikitile na itikadi ya Majimaji. Alieleza jinsi maji yaliyochanganywa na mbegu yalivyowaunganisha watu wa koo na makabila yaliyokuwa hayajawahi kupigana bega kwa bega, na jinsi habari ilivyopita kwa mnong'ono, njwiywila, kutoka mtu hadi mtu. Kazi hiyo naiheshimu sana. Isingefanywa, usiku ule wa kidimbwini tusingeujua. Hata hivyo kwa wanahistoria wa taifa changa swali lilikuwa umoja, hivyo kuzama majini kukawa utangulizi tu wa siasa.

Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, alilikabili fumbo lenyewe katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Lakini huyo wa kubuni anauliza lile ambalo hati haziwezi kuuliza: mtu aliyechukuliwa, akarudi, akaaminiwa, afanye nini anapoanza kulitilia shaka neno ambalo tayari limekwenda mbali kuliko yeye? Mwishoni anateswa aseme maji ni uongo, naye hasemi. Kwangu mimi huo ni uchunguzi wa mang'amuzi ya kiroho, na ni wa ndani kuliko makala nyingi za kitaaluma.

Baadaye wanahistoria wenyewe walianza kujihoji. Marcia Wright, Thaddeus Sunseri, na kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 walionyesha kwamba simulizi la umoja lilifunika mengi: njaa, ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, biashara, na mizimu ya maji iliyokuwapo zamani. Kwa Bokero huko Rufiji na kwa Kolelo huko Uluguru watu walikuwa wakienda kuomba mvua na mavuno tangu kabla ya Mjerumani. Ina maana jamaa waliokesha walijua wanangoja nini, kwa kuwa maji kumchukua mtu na kumrudisha halikuwa jambo lisilo na jina.

Kando kabisa, bila kusalimiana na wanahistoria, walikuwapo wataalamu wa pepo. Hans Koritschoner, ambaye baadaye alijiita Hans Cory, aliandika juu ya ngoma ya sheitani Tanganyika mwaka 1936, akaiona kuwa tiba ya maradhi ya nafsi. Mwaka 1971 Ioan Lewis alisema kupagawa ni silaha ya wanyonge, hasa wanawake. Linda Giles, aliyetafiti katika pwani ya Waswahili, alimpinga mwaka 1987: wanaoingia katika mambo ya pepo si wanyonge peke yao, na si watu wa pembezoni. Yeyote aliyehudhuria ngoma ya pepo atamwelewa. Ubani unafukizwa, kiti, yaani mwenye pepo, anapandisha, na fundi hakubali tu: anamhoji pepo jina lake, kabila lake, ametoka wapi, anataka nini. Jamaa wanasikiliza na kujadiliana naye. Ndivyo ilivyo hata katika zikri za Kadiria na za Shadhilia, tarika ambayo Kilwa imekuwa moja ya ngome zake. Murid akishikwa na hali, wenzake wanamshika asiumie, na kupima hali yake ni kazi ya khalifa.

Wanafalsafa walibishana mbali na hapa. W. T. Stace, mwaka 1960, alisema kiini cha mang'amuzi haya ni kimoja duniani kote, na tafsiri ndizo zinazotofautiana. Steven Katz akamjibu mwaka 1978 kwamba hakuna mang'amuzi yasiyopikwa na malezi na imani ya mwenyewe. Kutokana na Stace, mwanasaikolojia Ralph Hood alitunga mwaka 1975 kipimo cha kauli 32 za kujibiwa na mtu mmoja, kalamu mkononi. Siku hizi wengine wanapiga picha ubongo wa anayesali. Sina ugomvi na vipimo hivyo, ila vyote vimerithi ule upweke wa James. Vinamwuliza aliyezama majini, na aliyemshika miguu havimwulizi kamwe.

Ushuhuda ule wa wazee ulichapwa kwa Kiingereza, ilhali walizungumza lugha za kwao na Kiswahili. Tasnifu ya Gwassa ya mwaka 1973 ilisubiri hadi 2005 kuwa kitabu, na kitabu chenyewe kikatolewa Ujerumani, kwa Kiingereza vilevile. Kijana wa Miteja anayetaka kujua wazee walisema nini juu ya Hongo hana budi kupitia lugha ya tatu. Ushuhuda huo urudishwe kwa Kiswahili, uwekwe katika shule za Kilwa, na pamoja nao waandikwe mafundi wa pepo na makhalifa wa zikri walio hai, waulizwe wanajuaje kwamba hali ni ya kweli, na nani yuko karibu inaposhuka.