Ndege, Jiwe na Ukingo wa Picha

Mizani humnyang'anya mtunzi neno alipendalo, na kina humletea asilolitarajia. Kilichosalia ndani ya ubeti ndicho shairi. Mpiga picha naye ana mizani yake, yaani pande nne za picha. Katika Serengeti pande hizo zimeamua mengi, na ndege wanalieleza jambo hilo kuliko simba.

Mwaka 1966 Jane Goodall na mpiga picha wa Kiholanzi Hugo van Lawick, aliyekuwa mumewe wakati huo, walimwona tumbusi wa Misri, ndege mweupe mwenye uso wa manjano, akiokota jiwe kwa mdomo, akiinua shingo, kisha akilivurumisha kwenye yai la mbuni. Gamba la yai hilo lina unene wa milimita mbili hivi, na midomo ya tumbusi wakubwa huliparuza tu. Jiwe hulipasua. Habari ilitoka mwaka huohuo katika jarida la Nature, siku ambazo wanyama waliojulikana kutumia zana walikuwa wa kuhesabika.

Picha ya tukio kama hilo inadai vitu vitatu: ndege, jiwe na yai. Anayevutwa na uso ule wa manjano, akazikata pembezoni hadi shingoni, atapata sura nzuri na kulipoteza tukio. Akibakisha jiwe na kuliacha yai nje, mtazamaji atadhani ndege anameza kokoto. Tena ni lazima pawe na uwazi mbele ya mdomo, kwa maana ndiko jiwe liendako. Kukata nako kuna gharama. Negativu ya filamu ya kawaida ilikuwa milimita 24 kwa 36. Ukipunguza kila upande kwa nusu, umebakiwa na robo, na robo hiyo ikikuzwa, chembechembe za filamu hujitokeza kama mchanga. Pikseli za leo hazijaibadili hesabu hiyo.

Hata hivyo, mkato wa chumba cha giza si wa kuogopwa sana: negativu ipo, fundi anaweza kuirudia. Kisichorudishika ni kile ambacho lenzi haikukielekea kabisa.

Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia. Herufi zake za usajili, D-ENTE, zilibeba neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, na Michael akafa. Kiswahili, chenye neno moja kwa viumbe vyote viwili, kinaweza kusema kwa ufupi wa kutisha: ndege iligongana na ndege.

Filamu yao ya Serengeti isiyopaswa kufa ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kazi ile ilileta ulinzi ambao bila shaka umewaokoa wanyama wengi. Lakini Grzimek alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu, hata wenyeji, na jicho la angani lilimfaa: kutoka juu, nyumbu huhesabika, ila jina la kilima halionekani. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, wenyeji wa wilaya ya leo ya Serengeti, walijulikana ughaibuni zaidi kama majangili wenye mitego. Katika miaka ya 1960 mpaka ukasogezwa hadi Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Wakurya wa Tarime.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliketi na wazee wa huko, akachapisha Imagining Serengeti mwaka 2007. Wazee hawakumweleza nyika tupu. Walimtajia mahame, chemchemi, vilima vya matambiko na njia za uwindaji, kila pahali kwa jina lake na ukoo wake, na pengi pa hapo sasa pamo ndani ya hifadhi.