Teknolojia katika mazoezi ya kufundisha

Teknolojia katika mazoezi ya kufundisha ni matumizi ya redio, kamera, simu, kompyuta, intaneti na vifaa vingine wakati wanaosomea ualimu wanapokwenda kufanya mazoezi katika shule halisi. Nchini Tanzania mazoezi hayo hujulikana sana kwa kifupi cha BTP, na ni sehemu ya lazima ya mafunzo ya ualimu.

Matumizi hayo ni ya aina mbili. Kwanza, mwanachuo hutumia teknolojia kufundishia wanafunzi darasani. Pili, teknolojia humsaidia mwanachuo mwenyewe kujifunza kazi: kuandaa somo, kujitazama akifundisha na kuwasiliana na wakufunzi walio mbali. Aina hii ya pili ina umuhimu wa pekee katika maeneo ya vijijini na milimani kama wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ambako mkufunzi hawezi kufika shuleni mara kwa mara.

Mazoezi yenyewe

Mwanachuo hupangiwa shule na kukaa huko kwa wiki kadhaa. Hutengeneza azimio la kazi, andalio la somo na zana za kufundishia, hufundisha vipindi vilivyo kwenye ratiba, husahihisha madaftari na kushiriki zamu pamoja na walimu wengine. Mwalimu wa somo katika shule hiyo humlea siku kwa siku. Mkufunzi au mhadhiri kutoka chuoni huja kumwona akifundisha, hujaza fomu ya tathmini na kumpa alama.

Ziara za mkufunzi huwa chache, kwa sababu wanachuo wametawanyika katika shule nyingi na safari hugharimu fedha. Kwa hiyo alama ya wiki nyingi za kazi inaweza kutegemea vipindi vichache tu. Tatizo lingine ni kwamba mwanachuo anayekosea katika wiki ya kwanza, kwa mfano kwa kuuliza maswali yanayojibiwa na wanafunzi walewale wa mstari wa mbele, anaweza kuendelea na kosa hilo kwa muda mrefu kabla ya mtu kumwambia. Juhudi nyingi za kuingiza teknolojia katika mazoezi zimelenga kuziba pengo hili.

Historia

Video na ufundishaji mdogo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dwight Allen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha njia ya ufundishaji mdogo. Mwanachuo hufundisha somo la dakika chache kwa kundi dogo, akilenga stadi moja tu, kama vile kuuliza maswali. Somo hurekodiwa kwa video. Baadaye mwanachuo hujitazama pamoja na msimamizi, hurekebisha andalio lake na kufundisha tena. Njia hiyo ilienea duniani. Katika vyuo vya Tanzania hutumika kuwaandaa wanachuo kabla ya kwenda shuleni, mara nyingi bila kamera, huku wanachuo wenzao wakikaa katika nafasi ya wanafunzi.

Redio na elimu kwa wote

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la kuwapatia watoto wote wa Tanzania elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Serikali ilianzisha mpango wa kufundisha walimu kwa masafa, ambapo vijana waliomaliza elimu ya msingi walifundisha katika shule za vijijini huku wakisoma kwa njia ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa wakufunzi waliowatembelea. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mpango huo uligeuza utaratibu wa kawaida. Badala ya mwanachuo kusoma chuoni kwanza na kwenda shuleni baadaye, kazi ya darasani ndiyo iliyokuwa msingi wa mafunzo, na chuo ndicho kilichomfuata kijijini kwa barua na kwa sauti ya redio. Udhaifu wake ulikuwa wazi pia: asiye na redio au betri alikosa kipindi, na kipindi kilichopita hakikurudi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliendeleza elimu ya masafa katika ngazi ya shahada. Tangu mwaka 2005 mpango wa TESSA, ulioratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, umetoa bila malipo maandiko ya mafunzo ya ualimu, yakiwemo ya Kiswahili.

Kompyuta na vishikwambi

Kuanzia mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya serikali nchini Tanzania vilianza kuwekewa maabara za kompyuta kwa msaada wa Sweden. Mwaka 2007 ilitolewa Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi. Hata hivyo, kompyuta nyingi zilibaki ndani ya maabara za vyuo, na mwanachuo aliyezoea kuzitumia huko alikwenda kwenye mazoezi katika shule isiyo na hata moja.

Hali ilianza kubadilika simu za mkononi zilipoenea. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, pamoja na mfumo wa kujifunzia unaotumika katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA). Kwa hiyo mwanachuo wa leo anaweza kumkuta mwalimu mlezi ambaye naye anajifunza kwa kishikwambi.

Nadharia

Mwaka 1986 Lee Shulman wa Marekani alieleza kwamba mwalimu anahitaji zaidi ya kujua somo na kujua mbinu za jumla: anahitaji kujua namna ya kufundisha mada fulani ili ieleweke. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza teknolojia katika fikra hiyo. Mfano wao, unaojulikana kwa kifupi TPACK, unasema kwamba ujuzi wa kifaa, ujuzi wa mbinu na ujuzi wa somo havitoshi vikikaa mbalimbali. Mwalimu lazima ajue vinavyoungana katika mada moja kwa wanafunzi fulani.

Mfano wa Upare unaweza kuonyesha maana yake. Katika vijiji kama Bangalala wilayani Same kuna ndiva, yaani mabwawa ya asili ya kukusanya maji ya umwagiliaji, ambayo hutunzwa kwa kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Mwanachuo wa Jiografia anaweza kuonyesha video ya bwawa kubwa la nchi nyingine. Anaweza pia kupiga picha za ndiva ya karibu wakati wa kiangazi na baada ya mvua, kisha kuwauliza wanafunzi maji yalitoka wapi na nani hufungua mfereji. Kifaa ni kilekile, lakini somo la pili linaanza na jambo ambalo wanafunzi wanalijua.

Mazingira ya Same na Milima ya Upare

Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki. Upare wa Kaskazini uko wilaya ya Mwanga na Upare wa Kusini uko wilaya ya Same. Kilele cha juu ni Shengena, chenye mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Same uko chini, upande mkavu, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kata kama Suji, Chome, Vunta na Vudee ziko milimani, ambako mvua ni nyingi zaidi na barabara nyingi ni za udongo zenye kona na miteremko.

Elimu ya shule katika milima hiyo ilianza zamani. Wamisionari wa Kilutheri na wa Kiadventista walifungua vituo mwanzoni mwa karne ya 20. Waadventista wa kwanza walifika Upare mwaka 1903. Leo vyuo vya ualimu katika ukanda huo ni pamoja na Marangu, Mandaka na Singachini katika eneo la Moshi, na Korogwe mkoani Tanga. Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge mjini Moshi nacho hufundisha walimu.

Shule iliyo kando ya barabara kuu na shule ya mlimani ni mazingira tofauti kwa mwanachuo, hata kama ziko wilaya moja. Wakati wa masika gari la mkufunzi linaweza kushindwa kupanda. Mawimbi ya simu huzuiwa na vilima, hivyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na mtandao mzuri na bonde la jirani likakosa. Usambazaji wa umeme vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umepunguza tatizo la kuchaji vifaa, lakini umeme kijijini si lazima uwe umeme darasani.

Njia zinazotumika

Kurekodi kipindi kwa simu. Mwanachuo huomba mwenzake kurekodi dakika chache za somo, kisha hulitazama pamoja na mwalimu mlezi. Njia hii haihitaji intaneti, na inafuata utaratibu wa ufundishaji mdogo ndani ya darasa halisi.

Makundi ya WhatsApp. Wanachuo waliotawanyika hutumiana maandalio, picha za zana na maswali. Picha ya ukurasa na ujumbe wa sauti hutumia bando dogo kuliko video.

Kupakua mapema. Vitabu na video hupakuliwa mahali penye mtandao, kwa mfano mjini Same siku ya soko, na kutumika baadaye bila intaneti.

Kifaa kimoja kwa darasa. Simu au kishikwambi kimoja huzungushwa katika makundi, au hutumika kusikilizisha sauti, huku ubao ukiendelea kuwa zana kuu.

Changamoto

Gharama za bando mara nyingi humwangukia mwanachuo mwenyewe, ambaye pia hulipia chumba na chakula. Mwenye simu ndogo huachwa nyuma na wenzake.

Maudhui mengi ya intaneti ni ya Kiingereza. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na baadhi ya watoto wa darasa la kwanza milimani huzungumza Kipare nyumbani. Mwanachuo hulazimika kutafsiri au kutengeneza zana zake mwenyewe.

Teknolojia inaweza pia kuwa ya maonyesho. Projekta inayoletwa siku ya tathmini tu humpatia mwanachuo alama bila kubadilisha ufundishaji wake wa siku nyingine.

Kuhusu faragha, video ya darasa huonyesha sura na sauti za watoto. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi, pamoja na kutosambaza video nje ya mafunzo, ni mambo ya msingi.

Mwisho, kuna suala la tathmini kwa video. Inapunguza safari na humwezesha mkufunzi kuona vipindi vingi zaidi. Lakini kamera huona upande mmoja wa darasa, na mwanachuo huweza kuchagua kipindi alichofanya vizuri. Haionyeshi pia jinsi anavyoishi na walimu na wazazi wa kijiji, jambo ambalo ni sehemu ya kazi ya ualimu. Kwa sababu hiyo video hufaa zaidi kuongeza ushauri katikati ya ziara kuliko kuchukua nafasi ya ziara zenyewe.