Kongwa na Kamati ya Ukombozi

Kongwa, mashariki ya Dodoma, ni nchi ya mvua haba. Waingereza walianzisha hapo mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951. Mwaka 1964 magofu ya mpango ule yalipata kazi nyingine: serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa mahali pale pawe kambi ya wapigania uhuru.

Yafaa kuuliza kambi ile ilikuwa chini ya mamlaka ya nani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa mwezi wa Mei 1963, nchi tisa ziliteuliwa kuwa Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Kamati ilichagua vyama vya kusaidiwa, ikagawa fedha na vifaa. Lakini haikuwa na ardhi, wala bandari, wala askari. Silaha zilipitia mikononi mwa jeshi la Tanzania. Nidhamu ya kambini ilikuwa juu ya vyama vyenyewe, yaani FRELIMO, SWAPO, ANC na ZAPU, kila kimoja na makamanda wake.

Uzito wa mgawanyo huu ulidhihirika wakati wa dhiki. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru. Mawaziri wa Umoja wakakata shauri kwamba, uasi usipokomeshwa, kila nchi ivunje uhusiano na Uingereza ifikapo tarehe 15 Desemba. Azimio lilikuwa la wote, walilolitimiza ni wachache. Tanzania ililitimiza, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Michango ya Kamati nayo ilicheleweshwa na nchi nyingi. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliyebeba mzigo ndiye pia aliyekuwa na neno la mwisho. Mwaka 1969 Tanzania iliwataka askari wa ANC waondoke nchini, nao wakapelekwa Urusi, ingawa vita vyao vilikuwa vya bara zima.

Kamati ilivunjwa mwaka 1994, Afrika Kusini ilipokwisha kuwa huru. Kazi yake ilitimia. Lakini Kongwa yaonyesha kwamba baraza la mataifa huamua kwa kinywa cha wengi, na hutembea kwa miguu ya mwenyeji mmoja.