Trela la kambi kwa familia yenye watoto wadogo: Mambo 6 ya kuangalia kabla ya kulipa

Desemba na Januari nchini Australia ni msimu wa joto na shule zimefungwa. Barabarani utaona magari mengi yanavuta trela la kambi: sanduku lenye magurudumu ambalo mkifika mnalikunjua, linakuwa hema lenye kitanda, jiko na tangi la maji.

Kwa familia zilizohamia huko, zikiwemo zinazozungumza Kiswahili kutoka Congo na Burundi, hiki ni kitu kigeni. Ukikosea kuchagua, pesa imeenda na usalama wa watoto uko mashakani. Haya ndiyo ya kuangalia.

1. Anza na gari lako

Wengi hupenda trela kwanza, halafu ndiyo wanauliza kama gari litaliweza. Geuza mpangilio huo. Fungua kitabu cha gari, tafuta uzito wa juu linaoruhusiwa kuvuta. Usizidishe, hata kama muuzaji anakwambia "litavuta tu".

2. Soma kibao cha uzito

Kila trela lina kibao chenye herufi ATM. Hapa si mashine ya kutolea pesa! Ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, trela likiwa limepakiwa.

Piga hesabu. Trela tupu likiwa na kilo 1,000 na ATM yake ni kilo 1,400, umebakiwa na kilo 400 za mzigo. Jaza lita 100 za maji, kilo 100 zimeisha. Bado friji, mitungi ya gesi, chakula, nguo na baiskeli za watoto.

Pia, sehemu ya uzito huo hukandamiza ndoano ya gari, kwa kawaida karibu asilimia 10. Uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa gari, pamoja na abiria na mabegi yao.

3. Breki

Kanuni za Australia huangalia uzito ambao magurudumu ya trela lililopakiwa yanabeba:

- Hadi kilo 750: breki si lazima.
- Zaidi ya 750 hadi 2,000: lazima liwe na breki.
- Zaidi ya 2,000: breki kwenye magurudumu yote, na mfumo wa kulisimamisha trela likichomoka kwenye gari.

4. Sakafu laini au ngumu?

Trela la sakafu laini, ambalo hema lake hutandazwa chini, kwa kawaida ni jepesi, lina bei nafuu na nafasi kubwa. Tatizo ni muda: kupigilia vigingi jioni, mvua inanyesha na mtoto analia, si mchezo.

La sakafu ngumu hukunjuliwa haraka na hukaa juu ya ardhi, mbali na matope. Lakini ni zito zaidi na bei imepanda. Kama mnahama kituo kila siku mbili, sakafu ngumu inawafaa. Kama mnakaa sehemu moja wiki nzima, laini inatosha.

5. Watoto watalala wapi, jiko liko wapi?

Kitanda cha wazazi mara nyingi kiko juu. Mtoto mdogo anaweza kudondoka usiku, kwa hiyo mpe godoro la chini au kitanda chenye kizuizi. Angalia pia kama jiko linachomolewa karibu na ngazi au mlango. Watoto wakipita hapo mbio sufuria ikiwa motoni, ni hatari.

6. Ukinunua lililotumika

Kwa dola 2 tu, ingiza nambari ya chasi kwenye PPSR, daftari la serikali mtandaoni. Utajua kama trela lina deni. Usipofanya hivyo, aliyemkopesha mwenye trela anaweza kuja kulichukua kwako. Kisha lifungue lote: nusa ukungu kwenye turubai, kagua zipu, matairi na kutu.

Mambo mawili yasiyo na mjadala

Mtu yeyote asikae ndani ya trela likiwa linatembea. Ni kinyume cha sheria, hata kama mtoto amelala fofofo.

Pili, usiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema ili kupata joto. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Bado una wasiwasi? Kodi trela la aina hiyo kwa wikiendi moja kwanza. Likunjue na ulikunje mwenyewe, watoto wakiwa hapo hapo. Ukimaliza, utajua kama ni la kwenu au la.